Kengele ya Baiskeli ni Hodi

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mmoja mstaafu mbele ya baraza, katika Kaunti ya Kilifi, juu ya ugomvi wa wenye baiskeli na waendao kwa miguu.)

Bwana Chifu, wazee wangu, mama zetu, na ninyi vijana wenye baiskeli ambao nawaona mmesimama kule nyuma chini ya mwembe, tena mmezishika baiskeli zenu kana kwamba mwahofu zitakamatwa:

Nimeombwa kusema maneno machache juu ya njia yetu itokayo pwani, ikapita katikati ya minazi na mikorosho, hata ikafika shuleni na sokoni. Habari yenyewe kila mtu aijua. Kwanza mtoto wa shule aligongwa na baiskeli yenye tenga la samaki, akaumia mguu. Siku ya pili yake magogo yaliwekwa njiani. Kisha yakaja matusi, na mama mmoja aliyekuwa na mtungi wa maji kichwani akaambiwa neno ambalo sitalirudia mbele ya watu wazima. Na wiki iliyopita, alfajiri kabla ya jua kuchomoza, mchuuzi mmoja aliikuta kamba imefungwa toka mnazi huu hata mnazi ule, sawasawa na shingo ya mtu aliyeketi juu ya baiskeli. Mungu alimsaidia, kwa kuwa mnyororo wake ulikuwa umelegea na alikuwa ameshuka kuutengeneza, akaiona kamba hiyo akiwa amesimama. Kama mnyororo ungalikuwa mzima, leo tungalikuwa matangani wala si barazani.

Sasa nasikia maneno ya namna mbili. Wengine wasema baiskeli zikatazwe kabisa katika njia hii. Vijana nao wasema kwamba wao wana haraka, samaki huoza, na kwa hivi mwenye miguu na akae kando asikiapo kengele. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizi mbili. Lakini kabla sijaeleza sababu, yanipasa kuwaambia jambo langu mwenyewe, ambalo wazee wachache hapa walijua na vijana hamlijui.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana, nami nilikuwa nimekusanya fedha hata nikanunua baiskeli nyeusi, nzito, ya aina ile ambayo watu wengi wa Kenya huiita Black Mamba. Niliipenda mno. Niliifuta kwa mafuta kila Jumapili. Jioni moja nilikuwa nikirudi kutoka sokoni, jua limekwisha kuchwa, na mbele yangu alikuwa bibi mmoja mzee amejitwika kuni. Nilimwona tangu mbali. Sikupunguza mwendo, maana kulikuwa na mteremko mdogo na mteremko ni utamu wa mwenye baiskeli. Nilipokuwa nimebakisha hatua mbili tatu hivi ndipo nikapiga kengele, tena kwa nguvu. Yule bibi alishtuka akaruka. Akaruka upande uleule niliokuwa nimeukusudia kupita. Tukaanguka sote, na kuni juu yetu.

Mimi nilichubuka goti tu. Yeye alivunjika mkono karibu na kifundo. Nilimpeleka hospitali, akafungwa plasta, na mfupa ukaunga, ila vidole havikupata tena nguvu zake za kwanza. Nanyi mwajua mwanamke mzee wa huku hula kwa vidole vyake. Yeye alikuwa msuka makuti. Tangu siku ile hakuweza kusuka hata kuti moja la kuuza. Wanawe walikuwa watu wema, hawakunishtaki. Tukaafikiana niwe nikimletea maji na unga, nami nikafanya hivyo hata alipokufa. Lakini unga si kazi ya mikono ya mtu.

Siku moja nilipompelekea maji, nilimwambia kwa kujitetea kidogo, ‘Lakini bibi, kengele si nilipiga?’ Akanitazama, akacheka. Akasema, ‘Mwanangu, wewe ulibisha hodi ukiwa umekwisha ingia chumbani.’

Neno lile limekaa nami miaka yote hii, na ndilo neno nililokuja kulisema hapa. Kila mtu aliyelelewa katika nchi hii ajua hodi ni nini. Mtu hufika nje ya ua, akasimama, akaita. Kisha hungoja. Akiitikiwa karibu, ndipo huingia. Asipoitikiwa, huita mara ya pili na ya tatu, na kama hapana jibu hurudi alikotoka. Hata mwenye deni lake, hata askari, kwanza hupiga hodi. Wala mwenye nyumba hakasiriki kwa kusikia hodi, maana anajua kwamba aliyeko nje amemheshimu. Huyo aingiaye kimya, twamwita mwizi. Na huyo aitaye hodi huku amekwisha kanyaga mkeka, twamwita mtu asiye na adabu.

Kengele ya baiskeli nayo ni hodi. Maana yake si ‘Ondoka!’ Maana yake ni ‘Mimi niko nyuma yako, naomba nafasi.’ Na aombaye hungoja. Kama nafasi haikupatikana, baiskeli ina breki, na kama breki ni mbovu, mwenyewe ana miguu miwili ya kushukia.

Tufanye hesabu kidogo, maana nilikuwa mwalimu wa hesabu na desturi haiachi mtu. Mtu aendaye kwa miguu kwa mwendo wa kawaida hupata kama kilometa 5 katika saa moja. Baiskeli katika njia nzuri huweza kwenda kilometa 20 kwa saa bila taabu. Kilometa 20 kwa saa ni zaidi ya meta 5 katika kila sekunde moja. Sasa mtu akisikia sauti nyuma yake, kwanza lazima ajue kuwa ni kengele, kisha ajue inatoka upande gani, kisha aamue aende wapi, kisha mwili umtii. Kwa kijana mwepesi hayo huchukua zaidi kidogo ya sekunde moja. Kwa mzee, au kwa mama mwenye ndoo kichwani asiyeweza kugeuza shingo, huchukua zaidi sana. Kwa hivi mwenye kupiga kengele akiwa meta 5 nyuma ya mtu, amepiga kwa ajili ya kujifariji nafsi yake tu. Mtu yule hawezi kufanya neno lolote ila kuruka, na arukaye haoni arukiako.

Lakini mwenye kupiga kengele akiwa meta 30 nyuma, kisha akapunguza mwendo hata ukawa kama wa mtu anayekimbia polepole, amempa mwenziwe muda wa kutosha kuvuta pumzi, kumshika mtoto mkono, na kusogea. Meta 30 ni kama toka mnazi mmoja hata mnazi wa nne katika shamba lililopandwa kwa mistari. Fanyeni hivyo ndugu zangu, mkapime wenyewe.

Tena mkumbuke kwamba njia yetu ni ya mchanga. Katika mchanga baiskeli haina sauti. Motokaa hunguruma, punda hutoa sauti ya kwato, lakini baiskeli huja kama paka. Na si watu wote wenye masikio. Katika njia hii wako wazee wasiosikia vizuri, wako watoto waliotiwa akili na mchezo, na siku hizi wako vijana wenye kutia nyaya za simu masikioni wakawa viziwi kwa hiari yao. Mwenye baiskeli hawezi kujua, akimtazama mtu kisogoni, kama asikia au hasikii. Akiona hajageuka wala hajasogea, asidhani ya kwamba anafanyiwa kiburi. Apunguze, aseme kwa kinywa, ‘Hodi mama, napita kuliani kwako,’ na akipita aseme asante. Hayo hayamchelewishi hata robo dakika, na samaki hawaozi kwa robo dakika.

Msidhani kwamba ugomvi huu ni wetu peke yetu. Ni mzee kuliko baiskeli zenyewe kama tuzijuavyo. Mwaka 1817, katika nchi ya Ujerumani, bwana mmoja aitwaye Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali, ambacho mtu alikisukuma kwa kupiga miguu chini. Miaka michache baadaye, huko London, watu walikuwa wakitozwa faini kwa kukiendesha chombo cha namna hiyo mahali pa waendao kwa miguu. Uingereza ilitoa sheria mwaka 1835 ya kuzuia vyombo visipite katika njia ya miguu iliyo kando ya barabara, nayo hata leo yatumika huko juu ya baiskeli.

Kisha mwaka 1888 ikaja sheria nyingine Uingereza, nayo ilisema kwamba mwenye baiskeli anapotaka kumpita mtu au gari, ni lazima apige kengele au atoe sauti nyingine ya kumjulisha. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1930. Huko Japani mambo ni kinyume. Kuna njia za miguu ambazo baiskeli zimeruhusiwa kupita, lakini mwenye baiskeli lazima aende polepole, na kama anawazuia wenye miguu lazima asimame. Wala haruhusiwi kuwapigia kengele ili wampishe, isipokuwa kwa kuzuia hatari. Tazameni basi: nchi moja ilisema lazima upige, na nyingine yasema usipige! Nilipoyasoma hayo nilistaajabu, kisha nikafahamu kwamba wote wawili walikuwa wakitafuta kitu kimoja. Waingereza wa siku zile waliogopa mtu aingiaye bila hodi. Wajapani wanaogopa mtu aifanyaye hodi kuwa amri.

Iko sheria nyingine ya Uingereza ambayo mimi yanipendeza zaidi, ya mwaka 1968. Hiyo iliwaruhusu wenye baiskeli kupita katika njia za mashambani ambazo zamani zilikuwa za wapanda farasi na waendao kwa miguu tu. Lakini ilitia sharti moja: mwenye baiskeli awapishe hao waliotangulia. Alipewa njia pamoja na deni lake. Na katika mwongozo wa barabara wa nchi hiyo hiyo uliorekebishwa Januari 2022, imeandikwa kwamba yule awezaye kumdhuru mwenziwe zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kumlinda. Lori limlinde mwenye motokaa, motokaa imlinde mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli amlinde mwenye miguu.

Hapo ndipo nataka kuwageukia wale wasemao baiskeli zikatazwe. Ndugu zangu, hebu tuulizane: kwa nini hawa vijana wanapita katika njia hii? Barabara ya lami iko, nayo ni fupi zaidi kufika sokoni. Lakini nani kati yetu angemwambia mwanawe apande baiskeli alfajiri katika lami, kando ya malori na matatu zishindanazo? Barabara kubwa ilitengenezwa kwa vyombo vya moto, na ukingo wake mahali pengi ni mwembamba, tena umekatika. Katika hesabu zinazotolewa na Halmashauri ya Taifa ya Usafiri na Usalama, mwaka baada ya mwaka, waendao kwa miguu ndio wengi kuliko wengine wote wafao katika barabara za Kenya. Mwenye miguu alifukuzwa na motokaa, akaja huku. Mwenye baiskeli naye alifukuzwa na motokaa iyo hiyo, akaja huku. Sasa waliofukuzwa wawili wanafungiana kamba, na yule aliyewafukuza hana habari.

Yako mahali pengine ambapo Serikali imewatengenezea watu hawa njia zao. Barabara ya Nairobi kwenda Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ilijengwa pamoja na njia za miguu na za baiskeli kando yake. Ni jambo jema, nasi tuliombe kwa Kaunti na kwa wajumbe wetu, tena kwa maandishi, si kwa kunung’unika mkahawani. Lakini mpaka siku hiyo ifike, njia ni hii moja. Na kama tutazikataza baiskeli leo, samaki watafikaje sokoni? Nani atamchukua mgonjwa usiku hata barabarani? Mitungi ya maji ambayo mwezi wa kiangazi huja minne minne juu ya karia ya baiskeli, itarudi vichwani mwa nani? Mama zetu mwajua jibu.

Mwaka jana nilikwenda Nairobi kumtazama mjukuu wangu, naye akanipeleka kutembea katika msitu wa Karura. Msitu huo una zaidi ya hekta 1,000, na ndio ule ambao marehemu Bi. Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwaka 1998 na 1999 usigawanywe kwa wajenzi wa majumba. Yeye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Siku hizi watu hulipa kiingilio, wakatembea humo, wengine kwa miguu na wengine kwa baiskeli. Hawachukui samaki wala maji. Wanapanda baiskeli kwa kuupa mwili afya na moyo furaha. Nami nilicheka kidogo kimoyomoyo, kuona watu wamelipa fedha ili watoke jasho.

Lakini niliona jambo la kunifundisha. Tulipokuwa katika njia nyembamba, kijana mmoja alitupita kwa kasi, kimya, karibu na kiwiko changu. Hakunigusa. Hata hivyo moyo wangu ulidunda kwa muda mrefu, na nilitamani kuwa na fimbo. Baada ya muda kidogo akaja mwingine, mwanamke. Alipunguza mwendo tangu mbali, akasema, ‘Habari za asubuhi mzee, naomba kupita kuliani kwako.’ Nikasogea, akapita, akashukuru. Mwili wangu haukudhurika kwa yule wa kwanza wala kwa huyu wa pili. Lakini kwa wa kwanza nilifanywa kuwa jiwe la njiani, na kwa wa pili nilikuwa mtu. Nadhani magogo yale yaliyowekwa katika njia yetu hayakuwekwa kwa sababu ya mguu wa mtoto tu. Yaliwekwa na watu waliochoka kupitwa kama mawe.

Sasa na sisi waendao kwa miguu tusijifanye malaika. Hodi ikibishwa, mwenye nyumba huitikia. Nimeona watu wanne wakitembea ubavu kwa ubavu, njia nzima ni yao, kengele inalia nyuma nao wanaendelea na mazungumzo ya arusi kana kwamba ni ndege analia. Nimeona mtu amemfunga mbuzi upande huu wa njia, na kamba ndefu, mbuzi anakula upande wa pili. Huo nao ni mtego, ijapokuwa mwenyewe hakuudhamiria. Nimeona pia watoto wa shule wakirukia mbele ya baiskeli kwa mchezo ili kumwona mwenyewe akiyumba. Wazazi wao wako hapa, nami nilipokuwa mwalimu niliwajua hata wazazi hao wenyewe walivyokuwa wakifanya mchezo uo huo.

Neno kubwa katika habari hii ni kutoruka. Yule bibi yangu aliumia kwa kuwa hakuna mmoja wetu aliyejua mwenziwe angekwenda upande gani. Kwa hivi napendekeza, Bwana Chifu, tupatane juu ya upande mmoja, hata mtoto aujue: asikiaye kengele asogee kushoto, polepole, bila kuruka, na mwenye baiskeli apite kulia kwake. Ni sawa na desturi ya vyombo katika nchi yetu, ambayo hushika kushoto na kupitana kwa kulia. Lakini msichanganye jambo hili na lami. Katika barabara kubwa isiyo na njia ya miguu, mwenye miguu hufuata ukingo wa kulia, ili ayaone kwa macho yake magari yamjiayo mbele. Huku kwetu ni njia ya mchanga, huko ni lami.

Nanyi vijana, yako mambo ambayo hakuna mwenye miguu awezaye kuwasaidia. Baiskeli yenye kilo 80 za mzigo si baiskeli ile mliyojifunzia. Mzigo ukiwa nyuma na juu, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani hukudanganya. Breki za vyuma za baiskeli hizi kubwa hushika vibaya rimu ikiwa na maji, na samaki hudondosha maji toka sokoni hata pwani! Mwendo nao una hila yake: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne, si mbili. Ndiyo maana nasema mteremko ule wa kwenye kijito ushukwe kwa miguu, mwenye mzigo akiikokota baiskeli yake, hasa asubuhi saa moja na alasiri saa tisa na nusu watoto wanapopita. Ni hatua kama mia mbili. Nimezihesabu.

Na alfajiri, taa. Mmoja wenu aliniambia taa ni ghali. Nikamwuliza simu yake aliinunua kwa kiasi gani, akanyamaza. Taa nyeupe mbele na kioo chekundu nyuma, na kengele inayolia kweli, si ile iliyofungwa kwa waya kama pambo. Mapatano ya mataifa yaliyofanywa Vienna mwaka 1968 juu ya mambo ya barabara yalitaja vitu hivyo hivyo: breki, kengele, taa, na kioo chekundu nyuma. Havikuwekwa kwa ajili ya kuwasumbua maskini. Mwenye miguu asiyeonwa gizani, naye haoni.

Habari ya pikipiki sitaisema leo. Pikipiki katika njia ya miguu ni neno la polisi, wala si la adabu.

Nimebakiza neno moja, nalo ni la ile kamba. Sitaki kujua ni nani aliyeifunga, wala nisingependa Bwana Chifu aanze kuuliza hapa barazani, maana ukiuliza mbele ya watu utapata uongo. Lakini mwenyewe yuko, nami nadhani ananisikia. Bwana, au bibi, yule mchuuzi ana mke na watoto watatu. Kamba ile haikujua nani alimgonga mtoto wa shule na nani hakumgonga. Ingemkata yeyote wa kwanza kufika, na wa kwanza kufika alfajiri huwa ni yule afanyaye kazi kuliko wengine. Kama una neno juu ya kijana fulani, njoo kwangu usiku, nami nitakwenda nawe kwa baba yake.

Nanyi vijana, yule mtoto aliyeumia mguu bado hajarudi shuleni. Hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kumtazama. Aliyemgonga alikwenda mara moja tu, akasimama nje ya ua. Nimezungumza naye, anaona haya. Namwambia mbele yenu ya kwamba baba yake mtoto hana kinyongo, ila angalipenda kumwona ameingia ndani, ameketi. Jioni hii baada ya baraza mimi nakwenda huko. Anayetaka kufuatana nami na aje, baiskeli aiache hapa chini ya mwembe, haitakamatwa.

Na siku ya Jumamosi, saa moja asubuhi, wenye majembe na mapanga tukutane pale kijitoni. Njia ile imebanwa na vichaka pande zote mbili, hata watu wawili hawawezi kupishana sembuse baiskeli na mama mwenye kuni. Tukikata vichaka meta moja kila upande, toka kijitoni hata penye mkorosho mkubwa, mtu ataonekana tangu mbali. Mwenye shamba la upande wa kusini amekwisha kubali. Wa upande wa kaskazini ni mimi.